Kabla Kampeni Hazijafika Bwenini: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anayetaka kusema anachoamini kuhusu siasa za nchi yake bila kupoteza masomo, uhuru wala uhai. Katiba imeweka uchaguzi mkuu kwenye Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Chuoni, hata hivyo, msimu huanza mapema. Huanza siku ukumbi wa mdahalo mliokuwa mkipewa kila muhula unapokosekana ghafla. Huanza siku ilani inapobandikwa ubaoni ikipiga marufuku shughuli zote za kisiasa, bila kusema shughuli gani, kwa kanuni gani, hadi lini. Huanza siku mlinzi wa langoni anapomwambia mwanafunzi avue fulana.

Ukiambiwa jambo limekatazwa, uliza limekatazwa na nini. Uliza kwa adabu, kisha omba jibu kwa maandishi. Karibu ushauri wote unaofuata unatoka kwenye swali hilo, kwa sababu makatazo ya msimu wa uchaguzi huwa ya aina tatu na kila moja lina jibu lake. Kuna sheria ya nchi: hii utaitii, na ukiona inakiuka Katiba utaipinga mahakamani. Kuna kanuni ya chuo: hii utaisoma yote, utaifuata, na kuipima kwa Katiba. Kuna amri ya mdomo ya ofisa mwenye hofu: hii haina nguvu mpaka aonyeshe kanuni inayompa mamlaka ya kuitoa. Anayezichanganya hukosea pande zote mbili. Ataogopa kuandaa mdahalo ambao hakuna aliyeukataza, kisha usiku huohuo atasambaza tusi la kikabila akidhani huo ndio uhuru wa maoni.

Katiba inakupa nini

Anza na Katiba ya 2010, na uisome mwenyewe badala ya kusimuliwa. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza na, ndani yake, inautaja uhuru wa kitaaluma kwa jina. Ibara ya 36 inakupa haki ya kujiunga na chama au kutojiunga. Ibara ya 37 inakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Ibara ya 38 inakuruhusu kushiriki katika shughuli za chama cha kisiasa na kukifanyia kampeni. Ibara ya 55 inaenda mbali zaidi: inaitaka Serikali ichukue hatua za kuwawezesha vijana kushiriki siasa. Hakuna mahali Katiba inaposema haki hizi hukoma unapopita lango la chuo.

Hata hivyo, Ibara ya 33 yenyewe imechora mpaka. Haikulindi ukifanya propaganda ya vita, ukichochea vurugu, ukieneza matamshi ya chuki, wala ukihubiri chuki dhidi ya kabila au kundi la watu. Nayo Ibara ya 24 inasema haki inaweza kupunguzwa kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Neno la kushika hapo ni sheria. Ilani ya ofisi si sheria. Ikiwa Bunge lenyewe linatakiwa kueleza sababu kabla ya kupunguza haki yako, msajili wa chuo hawezi kuiondoa yote kwa karatasi ya aya mbili.

Wanafunzi wa vyuo vya kibinafsi huambiwa kwamba haya hayawahusu. Yanawahusu. Ibara ya 20 inasema Sheria ya Haki inambana kila mtu, si Serikali peke yake. Tofauti ni kwamba chuo cha kibinafsi kitakukumbusha mkataba uliotia saini siku ya kusajiliwa, kwa hiyo wewe una sababu zaidi ya kuujua mkataba huo neno kwa neno.

Hofu hii ilitoka wapi

Nakaa kidogo kwenye historia kwa sababu inaeleza mengi unayoyaona leo. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kiongozi wa wanafunzi, Tito Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na akafia gerezani mwaka 1988. Mwaka 1987 chama cha wanafunzi, SONU, kilipigwa marufuku, na mwenyekiti wake, Wafula Buke, akafungwa miaka mitano.

Walimu nao hawakusalimika. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa 1977, na alipoachiliwa mwaka uliofuata hakurudishiwa kazi yake chuoni. Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria na kiongozi wa chama cha wahadhiri, alizuiliwa mwaka 1982. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa amechapisha tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981, alizuiliwa pia bila kufunguliwa mashtaka, na mwaka 1988 ikatoka diwani yake ya Chembe cha Moyo. Wanaosoma fasihi ya Kiswahili vyuoni leo wanamsoma mwalimu aliyeondolewa darasani kwa nguvu. Wengi wanaifanyia mtihani diwani hiyo bila kuambiwa kwamba mwandishi wake alikuwa mhadhiri kama wanaowafundisha.

Desturi ya kufunga chuo siasa zinapochemka haikuisha na utawala wa chama kimoja. Mwishoni mwa Septemba 2017, kati ya uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu na ule wa marudio, polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwapiga wanafunzi, hata waliokuwa madarasani na vyumbani mwao. Siku chache baadaye, tarehe 3 Oktoba, sineti ilikifunga chuo. Waliopigwa ndio walioambiwa wafungashe. Kwa hiyo ofisa anayekunyima ukumbi huenda hakuchukii wala hakipendelei chama fulani. Anakumbuka. Mweleze kwa utulivu namna mkutano wako utakavyokuwa salama, na mara nyingi utapata zaidi ya vile ungepata kwa makelele.

Zipate kanuni kabla hazijakupata

Siku ya kusajiliwa ulitia saini fomu ukikubali kanuni za wanafunzi. Zitafute sasa, kabla ya msimu kuwaka. Kama chuo hakikupi nakala, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba kwa barua, nacho kinatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, peleka lalamiko kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman.

Ukizipata, tafuta mambo haya: nani anatoa idhini ya mkutano na kwa notisi ya siku ngapi, wageni wa kuzungumza wanaalikwa kwa utaratibu gani, mabango yanabandikwa wapi, vyama vya wanafunzi vinasajiliwa vipi, rufaa inakatwa kwa nani. Kisha tafuta kosa la kuchafua jina la chuo. Vyuo vingi vina kanuni ya namna hiyo, na upana wake unaweza kumeza karibu neno lolote unalosema hadharani. Ndiyo kanuni unayopaswa kuiogopa kuliko zote. Njia nzuri ya kujikinga nayo ni kuzungumza kwa jina lako mwenyewe, bila kutumia nembo ya chuo, bila kujitambulisha kama msemaji wa kitivo au wa baraza, na bila kupiga video ya kampeni ukiwa umevaa joho.

Chuo kina haki ya kupanga saa za mikutano, kuzuia vipaza sauti karibu na vyumba vya mitihani, kutaka ulinzi, hata kusema hakuna mkutano wa kampeni wa chama chochote ndani ya uwanja wake. Lakini hakina haki ya kubagua. Ikiwa waziri aliingia wiki iliyopita na msafara wa rangi za chama chake kuzindua jengo, na wiki hii mnakataliwa kumwalika mpinzani wake kwenye mdahalo, hapo mna hoja nzito kuliko zote. Iandikeni: tarehe, picha, tangazo la chuo chenyewe kwenye ukurasa wake. Kulalamika kwamba mnaonewa hakutawafikisha mbali. Karatasi mbili zinazoonyesha kwamba ombi la aina moja lilipata majibu mawili tofauti zitawafikisha.

Mkikataliwa, andikeni barua fupi. Inaweza kuwa hivi: "Kwa heshima, tunaomba kujulishwa ni kanuni ipi ya chuo inayozuia mdahalo tulioomba kuufanya, na sababu za kuitumia kwa ombi letu. Tunaomba pia kujua ofisi tunayoweza kukatia rufaa. Tutashukuru kupata jibu kwa maandishi kabla ya siku ya mdahalo." Wekeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ikijua itabidi iweke jina na sahihi chini ya sababu zake, hulitazama upya ombi.

Mdahalo, kamukunji na barabara

Kama lengo lako ni kusikia sera, omba mdahalo, usiombe mkutano wa kisiasa. Mkutano wa kampeni una mzungumzaji mmoja, nyimbo za chama na bahasha. Mdahalo una pande mbili au zaidi, mwendeshaji asiyegombea, muda sawa na maswali kutoka kwa hadhira. Waandikie wagombea wote barua ileile siku ileile, na uhifadhi majibu yao pamoja na ushahidi kwamba waliokaa kimya walialikwa. Ukiambiwa kwamba chuo hakiwezi kuwapokea wanasiasa wakati wa uchaguzi, taja kwa upole kwamba midahalo ya wagombea urais ya 2017 na 2022 ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kule Karen. Jengo la chuo lilitosha kwa urais. Linatosha kwa kiti cha ubunge.

Kamukunji ni jambo jingine. Baraza la wazi la wanafunzi, lililorithi jina la uwanja wa mikutano ya siasa jijini Nairobi, ndiyo sauti kongwe ya makomredi, nami nalipenda kwa moyo wote. Hapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumjibu mwenyekiti wa baraza mbele ya watu, nacho ni kitu adimu nchini mwetu. Likifanyika ndani ya chuo linafuata kanuni za chuo. Lilinde kwa kuliandalia ajenda, mwenyekiti, mwisho unaojulikana, na mtu wa kuandika maazimio. Kamukunji lisilo na maazimio yaliyoandikwa husimuliwa kesho yake na wale waliolipinga.

Mkitoka nje ya lango mnaingia chini ya Sheria ya Utengamano wa Umma, Sura ya 56. Polisi wengi bado huzungumza kana kwamba wao hutoa kibali. Hawatoi kibali. Tangu mageuzi ya 1997, mwandalizi anatoa taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Taarifa iseme jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, mahali au njia mtakayopita, na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. OCS anaweza kuwakatalia ikiwa kuna taarifa nyingine iliyotangulia ya mahali palepale na wakati uleule. Ombeni muhuri kwenye nakala yenu. Akikataa kugonga, mtu mwingine ashuhudie na aandike saa, na nakala nyingine itumwe kwa barua pepe.

Barabarani, haki yako inalindwa maadamu una amani na huna silaha. Jiwe moja linabadilisha kila kitu, hata likirushwa na mtu msiyemjua. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, kila mwanafunzi ameona namna mkusanyiko wa amani unavyoweza kuvamiwa na wahuni waliokodiwa, kisha lawama ikaangukia walioandaa. Kwa hiyo wekeni waelekezi wanaojuana kwa sura, wavae kitu cha kuwatambulisha, na mkubaliane mapema kwamba wageni wenye marungu wakionekana mnaketi chini au mnaondoka. Kuondoka si woga. Andika nambari ya wakili mkononi kwa kalamu, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Na umwambie mtu wa nyumbani unakoenda, hata kama mama atagomba.

Simu yako

Mahakama Kuu imeondoa silaha kadhaa zilizotumiwa dhidi ya wanaoandika mtandaoni. Mwaka 2016 ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kuhusu matumizi mabaya ya mitambo ya mawasiliano. Mwaka 2017 ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, na kifungu cha 132 kuhusu kudharau mamlaka ya ofisa wa umma. Machi 2024, ikiwa Nakuru, ilifuta kifungu cha 77 kuhusu uchochezi dhidi ya serikali. Ukitishwa kwa mojawapo ya hivyo, sema kwa utulivu kwamba kilishatangazwa kuwa kinyume cha Katiba.

Iliyobaki ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Vifungu vyake vimepingwa mahakamani tangu mwaka uleule ilipopitishwa, kwa hiyo usitegemee ulichosikia mwaka jana: muulize wakili hali ilivyo leo. Kashfa ya madai nayo ipo palepale. Mgombea unayemwita mwizi anaweza kukushtaki akidai fidia. Sema alichofanya, taja hati inayoonyesha hivyo, mwachie msomaji neno la mwisho.

Kisha kuna chuki ya kikabila, na hapa siongei kama mtu wa sheria tu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinatoa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo ilizaliwa baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Kabla ya uchaguzi wa 2022, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya mafumbo yanayotumiwa kuchochea, "madoadoa" likiwa mojawapo. Mpinge mgombea kwa bajeti aliyopitisha, kwa kura aliyopiga bungeni, kwa zahanati ambayo haikujengwa. Ukigusa kabila lake umeacha kusema kitu cha maana, na mwenzako wa chumba kimoja, anayetoka kabila hilo, atalala na wasiwasi usiku huo. Kama wewe ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la darasa, weka masharti mapema na uyatekeleze kwa marafiki zako kwanza.

Usiku wa kuhesabu kura, usisambaze jedwali lisilo na chanzo. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu 34A za matokeo ya vituo kwenye tovuti ya wazi, kila raia akaweza kujumlisha mwenyewe. Ukifanya hivyo, taja kituo, weka picha ya fomu, na useme wazi kwamba ni hesabu yako, si matokeo rasmi.

Pesa za mwanasiasa

Tumezoea kuzungumza kana kwamba adui wa sauti ya mwanafunzi ni utawala wa chuo peke yake. Mimi naamini bahasha inanyamazisha wengi zaidi. Mkopo wa HELB umechelewa, kodi ya chumba inadaiwa, na mtu anakuja na basi, fulana na noti. Anayekubali leo hawezi kuuliza swali kesho. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamgusa anayetoa hongo na anayeipokea, nayo njaa haihesabiwi kuwa utetezi. Na vurugu zikitokea, mgombea ana mawakili. Wewe una kadi ya mtihani.

Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016 yaliondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi: wanafunzi huchagua wajumbe kupitia vitivo au idara, nao wajumbe huchagua baraza. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kupunguza pesa na fujo za wanasiasa. Lakini wajumbe wachache ni rahisi kununuliwa kuliko umati. Muulize mjumbe wako alimpigia nani na kwa nini. Una haki ya kumuuliza.

Angalia pia kama umeandikishwa kwenye chama bila kujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye orodha za vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa inakuwezesha kuhakiki uanachama wako mtandaoni na kujiondoa. Fanya hivyo kabla ya mchujo.

Ukipewa barua ya nidhamu

Usiijibu siku hiyohiyo ukiwa na hasira, na usiipuuze. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 zinakupa haki ya kujua shutuma mapema, kupewa ushahidi, kusikilizwa, kupata sababu kwa maandishi, na kuambiwa namna ya kukata rufaa. Tangu 1990, katika kesi ya wanafunzi wa Egerton, Mahakama ya Rufaa imeshikilia msimamo mmoja: mahakama hazitaki kuendesha vyuo, lakini zitaufuta uamuzi wa chuo ikiwa mwanafunzi hakusikilizwa kwa haki. Kwa hiyo kesi yako itasimama au kuanguka kwa utaratibu uliotumika, zaidi kuliko kwa uzuri wa ulichosema.

Omba nakala ya kanuni unayodaiwa kuvunja, ushahidi wote na muda wa kujiandaa. Nenda na wakili au mwenzako kama kanuni zinaruhusu, na kama haziruhusu, omba kwa maandishi uruhusiwe. Andika kila kilichosemwa siku hiyohiyo. Kata rufaa ya ndani hata kama huna matumaini nayo, kwa maana mahakama hutaka kuona umemaliza njia za ndani kwanza. Usikawie: baadhi ya maombi ya kufuta uamuzi yana ukomo wa miezi sita. Kama mitihani iko karibu, wakili aombe amri ya muda ya kukuruhusu kuifanya wakati kesi ikiendelea. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, husaidia wasio na uwezo, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa sheria ya 2016.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo ziishie siku ambayo mahakama haikai. Taja jina lako, omba wakili, usitie sahihi maelezo usiyoyasoma. Wenzako waandike jina la kituo na wawepo pale, kwa utulivu, wengi kadiri iwezekanavyo. Ukiumizwa na polisi, pata fomu ya P3 na ripoti ya daktari mapema, kisha upeleke lalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Kwa wahadhiri, kwa ufupi

Mhadhiri wa chuo cha umma ni ofisa wa umma, na Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamzuia kushika wadhifa wa chama au kuonyesha hadharani kwamba anakiunga mkono chama au mgombea. Hilo halimzuii kuchambua sera, kulinganisha ilani za vyama darasani, wala kusema uchumi unaendeshwa vibaya. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Vyuo Vikuu kinamlinda anayetoa rai isiyopendwa. Mwanafunzi, msaidie mwalimu wako: usikate sekunde kumi za mhadhara wa saa mbili ukazitupa TikTok.

Kura yenyewe

Utapiga kura katika kituo ulichojiandikisha tu. Ukijiandikisha karibu na chuo kisha chuo kifungwe Agosti, utakuwa Kakamega na jina lako liko Eldoret. Uliza ratiba ya masomo ya 2027 mapema, amua utakuwa wapi tarehe 10 Agosti, na kama itabidi, omba IEBC ikuhamishie kituo siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kama ulijiandikisha chuoni na una nauli ya safari moja tu, zungumza mapema na baraza lenu liombe vyumba vibaki wazi wiki hiyo. Siku yenyewe beba kitambulisho halisi, au pasipoti kama ndiyo uliyojiandikisha nayo. Picha yake kwenye simu haitakubaliwa.